Nafasi ya Katongo

Nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza nilipofanywa mume wa bibi yangu. Msicheke kwanza. Kwa watu wa babu yangu, mtu akifa jina lake haliachwi likizurura. Anatafutwa mjukuu mwenye jina hilo, siku ya kumaliza matanga anaketishwa kwenye mkeka, anafungwa ushanga mweupe mkononi, na wazee wanatangaza kwamba marehemu amebaki. Babu aliitwa Katongo. Mimi ni Syntiche Katongo. Jina nilipewa yeye akiwa mzima, na wanasema aliringa mtaa mzima kwa kupata somo, mtu wa jina lake. Nilipoketishwa kwenye mkeka ule nilidhani ni mchezo, nikauliza kama kuna keki.

Tangu siku hiyo mama yangu mzazi akaniita baba. Bibi yangu Constance, ambaye kama bibi na babu wote wa Lubumbashi tunamwita kambo, akaniita bwana yangu. Sitaki kusema uongo, yalikuwepo mema: firigisi ya kuku ilikuwa yangu, na kiti chenye mikono kilikuwa changu. Lakini nikiumwa tumbo hawakuuliza nimekula nini, waliuliza marehemu amekasirikia nini. Nikifeli hesabu, walisema hata zamani alikuwa hivyo hivyo. Nikakua nusu yangu ikiwa kaburini, na hakuna aliyeona ajabu.

Tena nilirithi kifo chake. Babu alikuwa mtu wa reli, mrefu, mwenye kupenda kusimama wima. Mwaka 2011, siku ya uchaguzi, alitoka hapa mtaani kwetu Hewa Bora alfajiri pamoja na mdogo wake, Faustin. Kwenye kituo cha kwanza jina lake halikuonekana kwenye orodha ya ukutani, wakamtuma kingine. Cha pili wakamtuma cha tatu. Alitembea juani, akajipanga upya kila mahali, na kwenye mstari wa mwisho akaanguka, akafa bila kupiga kura. Hivyo ndivyo tulivyosimuliwa nyumbani, na mtu akiuliza zaidi kambo alikuwa anaondoka sebuleni.

Kambo ni Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, lakini kwa jambo moja padri hamwezi. Alishika kwamba Katongo hakwenda mbinguni wala popote, bado yuko kwenye mstari. Wala hakusema kwa mafumbo. Alimaanisha mstari wa watu, na yeye katikati yao, kofia mkononi, anangoja. Kila palipokuwa na mstari, kwa muuza mkate, benki, bombani, kambo aliwapitia watu kwa macho mmoja mmoja hadi wa mwisho, akimtafuta. Nilipokuwa mdogo nilimsaidia kutafuta.

Mwaka 2023 nikafikia umri wa kupiga kura. Nilijiandikisha kama kila mtu, kwa sababu hapa kwetu bila karte ya kuchagua, yaani kadi ya mpiga kura, wewe si mtu: polisi wanaitaka, benki wanaitaka, hata ukinunua sim kadi wanaitaka. Kambo mwenyewe alikuwa nayo kwenye mkoba, na tangu msiba hakuwa amepiga kura hata mara moja. Kadi ikiwa ya kuonyesha polisi, hakuwa na neno. Siku niliposema yangu nitaitumia kwa kazi yake, alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Katongo," akasema, "ulienda mara moja, haukurudi. Miye sitakuzika mara mbili."

"Kambo, ni miye Syntiche."

"Najua jina yako. Niliolewa nayo."

"Ni haki yangu kuchagula, kambo."

"Haki? Na yake iko wapi? Yeye njo wa kwanza mu mustari. Ukisimama pale atakuya kuchukua fasi yake. Na fasi yake ni weye."

Eti nafasi yake ni mimi. Hasira zikanipanda. Sikuwa mtoto wa siasa, sikuwa na fulana ya chama chochote. Nilijua tu kwamba mvua ikinyesha barabara yetu inaondoka na maji, na kwamba safari hii tungechagua hata madiwani wa komini yetu, watu ambao ningeweza kwenda kuwagongea mlango na kuwatukana uso kwa uso. Na nilijua jambo jingine, ambalo lilinikaa moyoni zaidi ya barabara. Kila kitu changu kilikuwa cha mtu mwingine kwanza: jina, kiti, hata maumivu ya tumbo. Kura ingekuwa kitu changu mwenyewe. Nilisema nitakwenda, na bukari ile tulikula bila kutazamana.

Kambo akamwita Faustin aje anikataze. Faustin ni mzee mpole, mwenye kuomba radhi hata kwa mbuzi akimkanyaga. Aliketi mbele yangu kwenye kigoda, mimi kwenye kiti chenye mikono, maana kwake mimi ni kaka mkubwa, na hawezi kukaa juu yangu. Kisha badala ya kunikataza akaanza kulia.

"Yaya," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, "ile siku miye nilikuwa nyuma yako. Ulianguka, lakini haukukufa palepale. Ulinishika ku mukono, ukasema, Faustin, unichungie fasi yangu. Bantu bakakubeba, bakakulalisha pa kivuli. Miye nikabakia mu mustari. Nikasema, nikitoka, yaya ataamuka, atanigombeza, ataniuliza fasi yangu iko wapi. Nikachunga. Kisha ba nyuma bakaanza kusukuma. Kidogo, kidogo. Mustari ikafungana. Nikajikuta ku mulango, nikaingia, nikachagula. Nilipotoka balishakufunika na kitenge."

Kambo alikuwa amesimama mlangoni. Nadhani hata yeye alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.

"Unisamehe, yaya," Faustin akasema.

Nifanyeje? Nilikuwa na miaka kumi na minane, naombwa msamaha wa kosa nisilolijua, na mzee wa umri wa babu yangu, kwa jina ambalo sikuliomba. Nilitaka kumwambia amwombe marehemu mwenyewe. Badala yake niliitikia kwa kichwa kwamba nimesamehe, na nilijiona mwizi. Faustin alinishika miguu, akaondoka bila kunywa chai.

"Umesikia," kambo akasema. "Alisema bamuchungie. Hakuna mwenye kumuchungia."

Mpaka siku ile mimi nilikuwa ninamwogopa babu kidogo tu, kama mtu anavyoogopa nyumba tupu. Baada ya hapo nilimwogopa kweli. Jumamosi moja asubuhi nilikwenda bombani na bidoni zangu, madumu ya maji. Nilikuwa wa mwisho. Jua lilikuwa limeshatoka, wanawake wanapiga soga, watoto wanagombana. Nikasikia pumzi shingoni mwangu, pumzi ya mtu mrefu aliyechoka. Nikageuka. Hakuna mtu. Nikasogea mbele hatua moja, na pumzi ikasogea.

Kisha akaja mama mmoja na ndoo, akasimama nyuma yangu lakini mbali, ameacha nafasi. Nikamwambia asogee.

"Na ule mupapa, ule muzee murefu?" akauliza, akitazama huku na huku. "Si alikuwa nyuma yako? Amepitia wapi?"

Niliacha bidoni zangu palepale, nikakimbia hadi nyumbani, na sikumwambia kambo kitu, maana angesema aliniambia. Usiku huo na siku zilizofuata sikulala vizuri. Nikaanza kuona kwamba labda kambo ana haki ya kunikataza, labda kweli nikisimama pale nitaanguka kama babu. Ushujaa wangu wote ukayeyuka. Nikaamua nitakaa nyumbani, na nitasema nina malaria.

Wakati huo nilikuwa nauza unga kwenye depo ya Mama Kyakimwa, mwanamke wa Butembo, mji wa mbali mashariki, mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Ndiye mtu pekee hapa mjini aliyeniita Syntiche bila kusitasita. Nilipomwambia sitapiga kura, na nikamweleza sababu, nilidhani atanicheka. Hakucheka. Aliketi juu ya gunia.

"Mu 2018," akasema, "kwetu balituambia mungojee, kuko Ebola, kuko vita. Mama yangu alikuwa amekwisha kuvaa nguo ya misa, iko ku mulango, karte ku mukono. Akangojea. Bakatuita mwezi wa tatu, muraisi amekwisha kuapa, amekwisha kukaa ku kiti. Mama akaniuliza ku telefone, Kyakimwa, sasa naenda kuchagula nani? Hakuivaa tena ile nguo mupaka kufa."

"Pole, Mama."

"Usinipe pole. Miye nakuambia kintu. Unasema ni haki yako. Sawa. Kama ni yako, unaweza kuifungia mu sanduku, hakuna wa kukugombeza. Lakini ya mama yangu ilipotea. Ya kambo yako ilipotea. Kila mara moja inapotea, bale bakubwa banafurahi, banasema, unaona, bantu habana shida. Weye ukibakia ku kitanda, unabasaidia. Juu ya ile njo nasema si yako peke yako."

"Naogopa, Mama."

"Ogopa. Lakini ogopa ukiwa mu mustari."

Maneno yale yalinikera wiki nzima, hasa lile la kuwasaidia wakubwa, kwa sababu mimi ni mtu mwenye kinyongo. Siku ya uchaguzi kambo alipokwenda misa nikavaa viatu, nikatoka.

Kituo kilikuwa shule ya mtaani. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja tope tupu, na mashine ya kura, walisema, inakataa kuwaka. Jua likatoka na kutuchoma. Nyuma yangu alisimama mtu anayeitwa Emery, mchimbaji wa migodi ya Kambove, aliyerudi kwa familia yake kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa na udongo mwekundu kwenye kucha ambao, alisema, hata sabuni ya mkewe imeshindana nao ikakubali yaishe. Alitaniana na kila mtu. Mashine ikawaka mwishowe, tukaanza kusogea, na hapo pumzi ile ikaja.

Sikuwa nimekula. Jua lilikuwa utosini. Pumzi ilikuwa shingoni mwangu, nzito, na Emery alikuwa nyuma, lakini ile haikuwa pumzi ya Emery. Niliona watu wa mbele wakififia, nikasema moyoni, haya sasa, ndiyo ninaanguka, na hawa wote watasogea mbele. Niliogopa hicho kuliko kufa kwenyewe, kwamba watasogea mbele.

"Katongo!"

Mstari mzima uligeuka. Kambo alikuwa anavuka tope na gauni lake la misa, mkoba kifuani, kilemba kimekaa upande. Faustin alikuwa nyuma yake anahema.

"Katongo, bwana yangu, toka! Tuende ku nyumba!"

Watu wakaangua kicheko. Msichana wa miaka kumi na minane, bwana wa bibi kizee! Mtu mmoja akauliza mahari ilikuwa mbuzi wangapi. Kambo hakuwasikia. Alinishika mkono, akanivuta kwa nguvu ambazo sikujua anazo, machozi yanamtoka, na mimi aibu na woga na njaa vikachemka pamoja vikawa hasira.

"Miye si Katongo!" nikapiga kelele. "Kambo, unisikie! Katongo alikufa! Alikufia mu mustari sawa hii, na kama angali anangojea, angojee na miguu yake, si na yangu! Unamutaka? Unataka kumuona?" Nikamgeukia Emery. "Papa, rudi nyuma kidogo."

Emery alirudi hatua moja bila kuelewa. Nikanyoosha kidole kwenye tope lililobaki wazi kati yetu.

"Iko hapa! Hii njo fasi yake! Umuchungie weye!"

Nilisema kwa ubaya. Nilitaka aone haya mbele za watu, aniache. Lakini kicheko kilikatika ghafla, na kambo akaniachia mkono. Akatazama ile nafasi. Aliitazama kuanzia chini, kwenye tope, akapandisha macho polepole hadi juu, hadi pale uso wa mtu mrefu ungekuwa. Na mimi, naapa, nilisikia pumzi ile ikiniondoka shingoni. Palibaki upepo tu.

Kambo akazunguka, akasimama nyuma ya nafasi, mbele ya Emery, akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mama, ku nyuma!" watu wakaanza kupiga kelele. "Siye tuko hapa tangu asubuhi!"

"Mumuache," Emery akasema. "Ni mama."

Faustin alikwenda hadi nyuma kabisa ya mstari, akipita kwa kila mtu, akieleza. Sikusikia aliyosema. Nilisikia tu kelele zikipungua kuanzia mbele kwenda nyuma, mpaka ikawa tunasogea kimya. Nilipopiga hatua, nafasi ilisogea. Kambo alipopiga hatua, hakuikanyaga. Kijana mmoja wa fulana ya mpira alidhani amepata bahati, akajipenyeza mle. Emery alimshika shingo ya fulana, akamtoa taratibu.

"Ile fasi iko na mwenyewe," akamwambia.

Kijana alifungua kinywa kujibu, akaona nyuso zetu, akarudi alikotoka.

Tukafika mlangoni. Karani, binti mwenye kizibao na sauti iliyokauka, aliita jina langu kutoka kwenye kadi: Katongo Syntiche. Niliingia peke yangu. Ndani palikuwa na ubao wenye hesabu za watoto ambazo hazikufutwa. Niligusa picha za niliowataka, karatasi ikatoka, nikaikunja, nikaitumbukiza sandukuni. Wakanichovya kidole kwenye wino. Niliitazama mashine, picha za niliowachagua zimeshazimika, na hakuna mtu aliyekuwa nyuma yangu. Nilitoka nje nikasimama kando ya mlango.

"Mwingine!" karani akaita.

Hakuna aliyesogea.

"Mama, ni weye. Ingia."

"Bado," kambo akasema. "Yeye njo wa mbele yangu. Ameingia sasa hivi. Ngojeni amalize."

Karani alitazama ndani, darasa lilikuwa tupu. Akanitazama mimi. Akamtazama polisi wa zamu, naye polisi akatazama ardhi. Kisha binti yule akageuka kuutazama mstari, nadhani akitegemea kwamba watu watapiga kelele na kumwokoa. Walikuwa watu waliotukana tangu asubuhi, wenye watoto nyumbani, wenye vibanda vilivyofungwa, ambao hakuna aliyewahi kuwangoja popote. Hawakusema kitu. Emery alikuwa amevua kofia. Faustin, kule nyuma, alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika.

Karani akashusha mkono. Tukangoja kwa muda ambao mzee asiyeona vizuri angehitaji kuzitafuta picha, kukosea, kurudia, kukunja karatasi yake sawasawa jinsi mtu wa reli anavyokunja. Nilisikia mashine ikivuma ndani. Sijui ilikuwa inavuma muda wote au la. Sitaki kujua.

Kisha kambo akanyoosha kilemba chake, akavuka kizingiti, akatoa kadi mkobani. Karani akaisoma kwa sauti.

"Ngalula Constance."

"Njo miye," kambo akasema. "Mujane wa Katongo."

Hakuna aliyemuuliza hilo. Miaka yote tangu msiba sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Mtu akimwita hivyo sokoni, kambo alikuwa anamgombeza kwamba bwana wake yuko nyumbani, anakula firigisi. Karani aliitikia kwa kichwa tu, akamwelekeza kwenye mashine. Nilikuwa nimelilia neno hilo maisha yangu yote, nikidhani siku nitakayolisikia nitacheza. Badala yake niliketi chini kwenye saruji ya baraza, nikalia kwa sauti hadi mama mmoja akatoka kwenye mstari, akaacha nafasi yake, akaja kuniinamia na kuniuliza nimefiwa na nani.

"Na kambo yangu Katongo," nikamwambia. "Leo hii."